Barua Hii Haijapita Kwenye TV

Maisaka, Babati
Jumapili jioni

Mwanangu Restituta,

Usishtuke kuona mwandiko. Ni wangu. Tangu uzaliwe umeniona nikiandika kwa mkono mara chache sana, na mara nyingi ilikuwa sahihi tu, ile yenye mkia mrefu ambayo karani mmoja aliwahi kuniuliza kama ni sahihi au ni ramani ya kwenda Singida. Leo nimechukua biro na daftari la mistari, nimekaa dukani, mlango nimeufunga nusu, kompyuta nimeizima. Barua hii haitapita kwenye skrini, haitasomwa na watu wa benchi la dukani, haitasahihishwa na mtu. Ukikuta kosa, ujue ni langu halali.

Mama yako yuko nyumbani anakukaangia maandazi ya njiani. Mambo ya shuka, ndoo, dawa ya mswaki, na kutokushika simu dirishani basi likisimama Kondoa, ameshakuambia mara nne na bado ana ya tano. Mimi siongezi. Nina neno moja tu, limenikaa kooni wiki tatu, na unajua baba yako si mtu wa kukaa na neno kooni. Nataka ulipate kabla ya basi la kesho, kwa sababu sitaki uende Dodoma miaka miwili huku katikati yetu kuna ile asubuhi ya Jumanne.

Lakini mzee kama mimi huwezi kumwambia aanze na kosa lake moja kwa moja. Niache nianze na sifa zangu, ndiyo nipate nguvu.

Mimi baba yako nimefika Lusaka kwa lori, mara tatu, na mara moja nikiwa macho. Nimeshuka kwenye shimo la madini nikapanda bila jiwe hata moja, ila na hadithi za kunitosha mpaka kufa. Nimepika chapati Tunduma, nimeuza viatu Arusha, vyote vya mguu wa kushoto, na viliisha. Mama yako nilimtongoza kwa Kiiraqw cha maneno saba, ambapo manne yalikuwa matusi na mimi sikujua, akacheka mpaka akakaa chini, nikaona basi, huyu ndiye. Na juu ya hayo yote, mimi ndiye mtu wa kwanza Maisaka, pengine Babati nzima, pengine mkoa, kuchapa barua za watu kwenye TV ya inchi hamsini na tano. Hilo hata asiyenipenda analikubali.

Unakumbuka ilivyoanza. Umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, monita yetu ikatoa moshi mwembamba ikafa. Ukasema, "Baba, tutafute monita ndogo ya mtumba." Nikasema, "Ndogo? Mimi?" Nikaenda nyumbani nikachomoa TV ukutani, tamthilia ya mama yako ikiwa katikati, yule bwana akiwa ndiyo kwanza anapiga goti kuomba msamaha. Nikailaza kwenye bajaji kama mgonjwa, nimeishikilia kwa mikono miwili, na mama yako mlangoni akipiga kelele jirani wote wasikie: "Umenichukulia TV yangu ukachapie watu barua za likizo! Na akisamehewa mimi nitajuaje?"

Waya mmoja tu, huku kwenye kompyuta, huku kwenye TV, na picha ikatokea. Mwanangu, herufi kubwa kama mikate! Watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama. Nikawaambia haya ndiyo mambo ya nje, huko nilikotembea ofisi zote ziko hivi. Huko nilikotembea, Resti, sikuwahi kuingia ofisi hata moja isipokuwa ya uhamiaji.

Halafu ikaja ile miezi ya barua zilizokonda. Maana ile TV ilikuwa imekata pembe zote nne. Saa ya pale chini pembeni ilionekana nusu, na neno la kwanza la kila mstari lilikuwa limeliwa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikasukuma maandishi ndani, vidole vinne kulia na vidole vinne kushoto, mpaka yote yakaonekana. Nikitoa kwenye printa, barua inatoka nyembamba katikati ya karatasi kama njia ya mbuzi. Mteja akiuliza, namwambia ndiyo mtindo wa Arusha sasa, karatasi inatakiwa ipumue. Na watu wakakubali! Nilisikia kuna karani anazijua kwa mbali kabla hajazisoma: "Hii ya Baba Resti, ona ilivyokonda."

Wewe ulikuwa umemaliza shule ndiyo umeanza kukaa dukani siku nzima. Ukashika rimoti, ukaingia kwenye ile menyu ambayo mimi niliiogopa, ukasoma neno moja moja mpaka mwisho. Ukaniambia, "Baba, barua hazina tatizo. TV inadhani inaonyesha mpira. Inaivuta picha ili ijae, kingo zinapotea. Hapa ndipo unaiambia kwamba hii ni kompyuta." Ukabonyeza. Pembe zote nne zikarudi, na saa nzima, na ule mshale uliokuwa unachelewa kama mlevi anayeitwa na mkewe ukaanza kukimbia. Kisha nikawatangazia wateja kwamba mtindo wa Arusha umebadilika.

Sikukuambia asante siku ile. Niandike hapa: asante.

Sasa nikuambie na jambo jingine ambalo nadhani ulilijua ukanihifadhia. Sikuipeleka ile TV dukani kwa kujionyesha tu. Kwa kujionyesha pia, sikatai. Lakini macho yangu ya karibu yalikuwa yamekwisha, na miwani niliona ni ya wazee. Halafu lile la pili, kubwa zaidi: shule mimi niliishia kidato cha pili, na hata hicho cha pili nilikaa karibu na dirisha. Maneno mengine siyajui yanavyoandikwa. Kwenye monita ndogo nilikuwa nahangaika peke yangu. Kwenye TV, benchi lilikuwa linanisaidia bila kujua. Nachapa, na nyuma yangu nasikia, "Baba Resti, hapo umesahau herufi." Najibu, "Nilikuwa nawapima." Wanacheka, narekebisha. Barua moja ilikuwa inaandikwa na watu sita, na malipo nachukua mimi. Wewe niambie, ningeigeuzaje ile TV iangalie ukuta?

Na uliniambia niigeuze. Uliniambia baada ya ile posa ya Mzee Gwandu. Alikuja na maneno ya kumposea mwanawe Safari kwa watu wa Bagara, mzee wa watu amevaa koti, amekaa karibu yangu ananong'ona nichape nini. Ananong'ona! Na mimi nachapa kwa herufi za inchi hamsini na tano. Nyuma kwenye benchi alikuwepo Mama Happy na beseni lake la samaki, ambaye mimi ndiyo nikaja kujua baadaye kwamba ni shangazi yake yule binti. Kabla sijaweka nukta ya mwisho, Mama Happy hayupo, samaki wapo. Mshenga alipofika Bagara na bahasha yake, akakuta wazee wameshakaa, wamenuna. "Posa inakuja kwenye bahasha," wakamwambia, "siyo kwenye sinema ya Baba Resti." Wakatoza mbuzi, wa kuyafumba macho ya wote waliosoma. Na Mzee Gwandu akaniangalia mimi.

Basi nikatoa beberu langu lenye ndevu. Mimi ndiye mwanaume pekee aliyetoa mbuzi kwa posa ya binti ambaye simuoi, tena mke wangu akiwa amesimama pale ananiangalia ninavyoivuta kamba. Safari na mwenzake wakafunga ndoa, pilau nikala, na hadithi hiyo nimeisimulia mpaka stendi. Ila wewe hukucheka. Ulisema, "Baba, geuza meza. Barua za watu siyo mechi." Nikakuambia, "Benchi likiondoka, biashara imeondoka."

Sasa tufike Jumanne. Nimejisifu vya kutosha, mkono umepata nguvu.

Ulikuwa umetoka kuchukua rimu ya karatasi. Kwenye benchi walikuwepo Mzee Gwandu, Mama Happy, walimu wawili waliokuja na mitihani yao, na kijana wa bodaboda anayesubiri fotokopi ya leseni. Skrini ilikuwa imelala. Nikagusa mausi, ikaamka, na barua yako ikajaa ukuta. Nikaona maombi ya nafasi ya chuo, nikadhani ni ya mteja. Kisha nikaona jina. Na benchi nalo likaona.

"Hee, Baba Resti!" akasema Mama Happy. "Mtoto anaondoka?"

Hapo ndipo nilitakiwa niizime. Kidole kilikuwa juu ya mausi. Lakini watu watano walikuwa wananiangalia kuona kama najua, na mimi sikuwa najua, mwanangu ameandika kuomba kwenda Dodoma na mimi sikuwa najua. Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikasimama, nikaanza kuisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Na Restituta anaupata, anaambaa nao pembeni, anaomba nafasi, anaombaaa..." Wakacheka. Walimu nao wakacheka. Nikafika pale ulipoandika, "Kwa baba yangu nimejifunza kila alichonacho, na sasa nimekimaliza."

"Mzee, umekwisha!" akapiga kelele yule wa bodaboda, na benchi likaanguka kwa kicheko.

Nikasema, "Chuo kitamfundisha nini huyu? Karatasi tu akikata inatoka imepinda kama ndizi!"

Na ulikuwa mlangoni, na rimu kiunoni.

Hukulia. Ningependa ungelia, au ungenirushia ile rimu, nimezoea kurushiwa vitu. Uliiweka mezani taratibu, ukachukua rimoti, ukazima. Kwenye kile kioo cheusi tukabaki tunajiona sote, mimi na benchi langu, tumepanuliwa. Ukasema, "Samahani wazee wangu," ukatoka.

Kuanzia hapo umenipa adabu kwa adabu. Kila asubuhi, "Shikamoo baba." Marahaba. "Ndiyo baba." "Hapana baba." Kazi unafanya, chakula unaniwekea, maji ya kunawa unanimiminia, na hakuna neno la ziada; hata jibu la chuo nililisikia kwa mama yako. Wiki tatu, Resti. Mimi nimelala selo Tunduma siku mbili kwa kosa la mtu mwingine, na selo ile ilikuwa na maongezi kuliko nyumba yetu.

Lakini hujajua lote, na hili ndilo neno lenyewe.

Kulikuwa na sentensi ya pili. Uliandika, "Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinipa kiti chake cha kuchapia, yeye akasimama, na hajawahi kunidai kile kiti." Niliiona. Ile TV haifichi sentensi, unajua mwenyewe. Niliiona yote kabla ya kufungua mdomo kwa ile ya kwanza, nikaisoma ya kwanza, nikairuka ya pili. Benchi halikupata muda wa kuifikia, maana niliishusha karatasi kwa mausi wakiwa bado wanacheka. Niliiruka kwa makusudi.

Nimejiuliza kwa nini. Mtu anayejisifu kama mimi angeisoma mara tatu na kuipigia makofi. Nadhani ni hivi: sifa zangu nazipika mwenyewe, chumvi naijua, ikizidi naongeza maji. Ile yako ilikuja imeiva. Ningeisoma kwa sauti ningelia mbele ya Mzee Gwandu na beseni la samaki, na nikaona afadhali uaibike wewe kuliko nilie mimi. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba. Nilikuwa naogopa vilevile. Nilipoona Dodoma, nilichofikiria kwanza ni nani atakayenisomea menyu za rimoti, na nani atakayeniambia neno linaandikwaje benchi lisipokuwepo. Sikufikiria kwanza juu yako. Nilikufikiria wa pili.

Na kile kiti, nikuambie ukweli, nilisimama kwa sababu tulikuwa nacho kimoja. Wewe uliliona jambo hilo kwa namna nyingine, na sibishi, usije ukaibadilisha ile sentensi.

Jana ulipokuwa Dareda kumuaga bibi yako, nilifanya kitu. Nikangoja benchi lijae. Mzee Gwandu yupo, Mama Happy yupo, mwalimu mmoja yupo. Nikasimama, na wao wakakaa vizuri, wakijua inakuja hadithi ya Lusaka. Nikasema, "Ile barua ya Resti nilisoma nusu. Kulikuwa na maneno mazuri juu yangu nikayaruka, nikawaachia mmcheke mtoto. Nimemkosea."

Hakuna aliyecheka. Hata samaki.

Mzee Gwandu akakohoa. "Basi ifungue tuisikie yote."

"Ndiyo, ifungue," akasema Mama Happy. "Tumalizie."

Na mwanangu, hii ni mara ya kwanza katika maisha yangu watu wameniomba niendelee nami nikakataa. Nikasema, "Siyo yangu. Mwenyewe akipenda atawasomea." Mama Happy akasonya. Mzee Gwandu akavua koti, akasema, "Haya, shika huku," na tukaigeuza meza. Sasa TV inaangalia ukuta, mgongo wake na nyaya zake zote ndiyo unaangalia watu. Ni mbaya kweli. Mama Happy anauliza sasa wao wanakuja hapo kufanya nini. Nimemwambia wanunue kitu.

Barua ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya mwalimu, ya kuomba uhamisho. Nikachapa peke yangu, nikaitoa, nikampa na biro. Nikamwambia, "Mwalimu, nisahihishie. Mimi shule niliishia kidato cha pili." Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mteja tangu nifungue duka.

Akasahihisha mahali kumi na moja, hakuinua kichwa. "Tunajua, Baba Resti," akasema. "Unadhani tulikuwa tunakaa hapa kwa ajili ya nini?"

Muda wote huo! Nilidhani nawatumia, kumbe wananibeba. Nimecheka peke yangu mpaka nimefunga duka. Kama kuna la kwenda nalo Dodoma kutoka kwangu, chukua hilo: usichokijua, kiseme mapema, maana wenzako wameshakijua na wanangoja tu uwaruhusu wakusaidie. Na ukikutana na mtu wa maneno mengi kama baba yako, awe mwalimu wako, awe mume, usihangaike na anayoyasema. Sikiliza anaporuka.

Ulichoandika kwamba umekimaliza nilichonacho ni kweli. Nimekagua, sijapata kingine. Nenda ukachukue cha wengine, ujaze, na usifikirie kwamba duka litakufa. Nitachapa polepole. Miwani nimepima Ijumaa, mama yako anasema nimekuwa kama mkuu wa wilaya aliyestaafu, na nimelichukulia kama sifa.

Naomba unisamehe, Restituta. Nimelichora neno hili mara mbili kwenye karatasi ya pembeni ili nisilikosee.

Mama yako atakupa daftari hili ukishakula. Usinijibu leo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa stendi nimebeba sanduku lako, na najua mdomo wangu, nitaanza kumtania kondakta kabla hujapanda. Kama bado una uchungu, nipe shikamoo, nitaitika marahaba, nitakupungia mkono na sitakudai zaidi. Ni haki yako, hata kama itachukua miaka yote miwili. Lakini kama umepungua, hata kidogo tu, shikamoo usinipe. Nimeshiba shikamoo. Nigombeze. Niambie sanduku nimelishika vibaya, niambie koti limechakaa, niambie ninapiga kelele, na useme kwa sauti, stendi nzima wageuke waangalie ninavyosemwa na binti yangu.

Ni mimi baba yako, niliyekuzaa na kukukosea,
Baba Resti